Majumba ya Sinema ya Unguja na Dar es Salaam: Kutoka Royal hadi Kibanda cha Video

Jumba la sinema la Royal lilifunguliwa Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, mwaka 1921. Mwenye mtaji alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa mjini hapo. Ramani ilichorwa na John Sinclair, afisa wa Kiingereza ambaye mkono wake unaonekana pia katika Mahakama Kuu ya Vuga na jumba la makumbusho la Beit el Amani. Serikali haikutoa fedha za kulijenga, na hakuna kampuni ya Ulaya iliyolimiliki. Tangu mwanzo sinema ilikuwa biashara ya watu wa mji, iliyoendeshwa kwa fedha zao na kutegemea wateja wa mitaani mwao. Msingi huo ndio uliokuza majumba mengine Unguja, Dar es Salaam na miji ya bara kwa miongo mitano iliyofuata, na ulipobomolewa, majumba nayo hayakudumu.

Kabla ya Royal

Picha zinazotembea zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 zikiwa mizigoni mwa wafanyabiashara wa kuzunguka. Waonyeshaji hao walipanda meli na mtambo wao, wakaweka hema kwenye uwanja wa wazi, wakaonyesha vipande vifupi visivyo na sauti kwa siku chache, kisha wakaelekea bandari nyingine. Hema lilifuatwa na mabanda. Wazee wa Unguja walilikumbuka banda moja la awali kwa jina la Sinema ya Bati, kwa kuwa lilijengwa kwa mabati.

Jariwalla alianza kwa njia hiyo hiyo ya maonyesho madogo kabla ya kuthubutu kujenga jumba la kudumu. Uamuzi wake haukuwa mdogo. Jengo la sinema halifai kwa kazi nyingine kwa urahisi: linahitaji ukumbi mrefu usio na nguzo katikati, sakafu yenye mteremko, roshani, na chumba cha mtambo kilichotengwa. Aliyeweka fedha zake humo alikuwa na imani kwamba watu wangekuja kila wiki, mwaka hadi mwaka. Walikuja. Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alikuwa miongoni mwa wapenzi wa sinema, na mahudhurio yake yaliipa starehe hiyo heshima machoni mwa familia zilizokuwa na shaka nayo.

Majestic na wenzake

Baadaye Royal ilibadilishwa jina ikawa Majestic. Mwaka 1953 jengo la Sinclair liliteketea kwa moto. Lililosimama mahali pake lilifunguliwa mwaka 1955 na lilikuwa la sura nyingine kabisa. Mchoraji wake alikuwa Dayalji Pitamber Sachania wa hapo hapo Unguja, aliyeacha matao na nakshi za jengo la zamani na kufuata mtindo wa Art Deco, wenye kuta laini na mistari iliyonyooka. Mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba na nyumba zake zimebanana. Majestic ya Sachania ilikuwa na uso mpana uliotazama barabara, na aliyekuja kutoka Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, aliuona kabla hajafika mlangoni.

Kufikia wakati huo mji ulikuwa na majumba zaidi ya moja. Empire lilikuwa Darajani, jirani na soko kuu, mahali ambapo njia za Mji Mkongwe na za Ng'ambo hukutana. Sultana nalo liliongezwa katika kipindi cha neema cha baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kila jumba lilikuwa na wateja wake waaminifu, lakini umbali kati yao ulikuwa wa dakika chache kwa miguu, na mtu aliyekosa tiketi mahali pamoja aliweza kujaribu bahati pengine kabla taa hazijazimwa.

Dar es Salaam ilifuata njia hiyo hiyo kwa kasi kubwa zaidi, kwa kuwa ndio uliokuwa mji mkuu wa Tanganyika na watu wake waliongezeka upesi. Katikati ya mji kulikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, New Chox na Cameo, na Ilala ilikuwa na Amana. Miji mingine haikubaki nyuma: Tanga ilikuwa na Majestic yake na Novelty, Arusha ilikuwa na Metropole, Moshi ilikuwa na Plaza, na Mwanza ilikuwa na Liberty na Tivoli. Wenye majumba hayo wengi wao walikuwa familia za Kihindi zilizozaliwa na kukulia papo hapo. Walibadilishana filamu, waliazimana vipuri vya mitambo, na walishindana vikali juu ya nani angekuwa wa kwanza kuonyesha picha mpya iliyoshuka melini kutoka Bombay.

Sinema ya gari

Mbali na miji hiyo, sinema haikuwa na jengo. Katika wilaya za pembezoni kama Ngara na Biharamulo, ilikuja kwa gari na kuondoka nalo. Chanzo cha utaratibu huo ni jaribio la filamu za elimu lililoendeshwa kuanzia 1935 hadi 1937 kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kwa msaada wa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na akiba ya fedha, wakazipakia katika lori lenye jenereta, na kuzionyesha vijijini Tanganyika na katika nchi jirani.

Baada ya vita serikali ya kikoloni iliendeleza kazi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikatengenezwa Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili. Miongoni mwake ni "Muhogo Mchungu", ambayo mhusika wake mkuu aliigizwa na Rashidi Kawawa, wakati huo mtumishi katika idara ya maendeleo ya jamii, na baadaye Waziri Mkuu wa nchi. Magari ya sinema yaliendelea baada ya Uhuru. Kitambaa cheupe kilifungwa kwenye nguzo mbili uwanjani, jenereta ikaunguruma kando, na watu wakatazama kutoka pande zote mbili za kitambaa. Maonyesho hayo hayakuwa na kiingilio. Kwa mtu wa kijijini aliyepata safari ya Mwanza au Dar es Salaam, kuingia katika jumba lenye viti vilivyopangwa, roshani na pazia kubwa kulikuwa jambo la kusimulia aliporudi.

Jioni ya sinema

Siku kubwa ya wiki ilikuwa Jumapili. Familia za Kihindi zilitoka nzima nzima, babu hadi mtoto mchanga, wakiwa wamevaa nguo zao bora, na viti vya roshani vilikatiwa tiketi siku nyingi mapema. Wakati wa Idd na Diwali majumba yaliweka picha mpya na maonyesho ya ziada, kwa sababu watoto walikuwa na fedha za sikukuu mikononi. Viti vya chini mbele ya pazia vilikuwa vya bei nafuu na vilijaa vijana, wachukuzi, mafundi na wanafunzi. Bei ilipanda kadiri mtu alivyorudi nyuma na kupanda juu. Tofauti za kipato zilionekana katika viti, lakini pazia lilikuwa moja, na wote walicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Alasiri hizo mtaa wa mbele ya sinema ulijaa mabaibui, na ndani ya ukumbi wanawake walikaa huru, wakazungumza, wakaimba pamoja na picha na kupeana habari za mji. Kwa wanawake wengi wa Mji Mkongwe hiyo ilikuwa nafasi adimu ya kukutana nje ya nyumba bila sababu ya harusi wala msiba, na wenye majumba walijua kwamba alasiri moja ya wanawake ingeweza kujaza ukumbi kuliko usiku mzima wa katikati ya wiki.

Nje ya jengo kulikuwa na uchumi wake. Wauza njugu, bisi, mishikaki na soda walipanga meza zao kabla ya onyesho na kuuza tena wakati wa mapumziko. Walanguzi walinunua tiketi nyingi mara dirisha lilipofunguliwa, wakaziuza kwa bei ya juu kwa waliochelewa. Picha ilipokuwa inapendwa sana, mlanguzi alipata kwa jioni moja kipato cha siku kadhaa za kazi ya bandarini. Wachoraji wa mabango nao walipata riziki, na kijana aliyepewa kazi ya kuzungusha bango mitaani aliingia ukumbini bure.

Chumba cha mtambo

Kazi nzito zaidi ilifanyika mahali ambapo mtazamaji hakufika. Rili ya futi 2,000 ilidumu takriban dakika 20, kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ilihitaji takriban rili tisa. Mwendeshaji alikuwa na mitambo miwili. Rili moja ilipokaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilionekana pembe ya juu kulia ya pazia. Alipoiona ya kwanza aliwasha mtambo wa pili, na alipoiona ya pili alihamisha picha kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Akiwa stadi, ukumbi haukujua kitu. Akikosea, ulizuka mluzi na makelele hadi picha iliporudi.

Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyogusanishwa kisha vikatenganishwa kidogo, umeme ukaruka kati yake. Vijiti hivyo viliungua na kufupika, na mwendeshaji alivisogeza kila mara ili picha isififie. Chumba kilikuwa cha moto mkali. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilitengenezwa kwa nitreti, inayowaka upesi na ambayo huendelea kuungua hata ikimwagiwa maji. Ndiyo maana chumba hicho kilijengwa kwa kuta nene, na vidirisha vyake vilikuwa na vifuniko vya chuma vya kuangushwa mara moja moto ulipotokea.

Nakala za filamu zilikuwa chache na ghali, hivyo nakala moja iliweza kuhudumia majumba mawili jioni moja. Jumba la kwanza lilianza mapema. Rili ya kwanza ilipokwisha, kijana wa baiskeli aliiweka ndani ya kopo lake, akaifunga nyuma ya kiti na kukanyaga pedali hadi jumba la pili, akaiacha, akarudi kuchukua inayofuata. Pancha moja ilitosha kuwaacha mamia ya watu gizani wakisubiri nini kingempata stelingi. Vijana hao walifahamika mjini, na mbio zao zilikuwa sehemu ya usiku wa sinema kama ilivyokuwa picha yenyewe.

Picha zilizopendwa

Watazamaji wa Unguja na Dar es Salaam walizipenda picha za Kihindi kuliko za Uingereza, ingawa serikali ilikuwa ya Kiingereza na wengi wao hawakujua Kihindi. "Awaara" ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliteka mji. Kijana maskini anayeadhibiwa kwa asili yake, mapenzi yanayozuiwa na baba, mama anayevumilia: mambo hayo hayakuhitaji mkalimani. "Mother India" ya mwaka 1957, ambamo Nargis anaigiza mama anayelima na kulea peke yake katikati ya deni la mkopeshaji wa kijijini, iliwagusa watu waliojua deni la duka na jembe. Aliyeiona picha mara tatu au nne aliwaeleza waliokaa jirani yake, na nyimbo zilijulikana mitaani hata kwa wasioelewa maneno.

Picha za Misri nazo zilikuwa na wapenzi wengi Unguja, hasa zilipokuwa na waimbaji wakubwa kama Umm Kulthum. Wanamuziki wa taarab walizitazama kwa masikio ya kazi. Mpangilio wa okestra, wenye fidla nyingi, kanuni na udi, waliousikia sinemani ulikuwa ule ule waliotaka kuufikia katika vikundi vyao. Mombasa, Juma Bhalo alijijengea jina kwa kutunga maneno ya Kiswahili juu ya sauti za nyimbo za Kihindi. Katika miaka ya 1970 zikaingia nguvu mpya: Bruce Lee na "Enter the Dragon" ya mwaka 1973, na "Sholay" ya mwaka 1975 iliyomfanya Amitabh Bachchan jina la kila nyumba. Vijana walijifunza mateke uwanjani, na maskani zikawa na mabishano marefu juu ya nani angemshinda nani.

Sinema na dola

Kila serikali iliyotawala iliiangalia sinema kwa jicho la tahadhari. Wakati wa ukoloni bodi za ukaguzi zilikata vipande au kupiga marufuku picha zilizodhaniwa kuonyesha uhalifu, au kumdhalilisha mzungu mbele ya Waafrika. Baada ya Uhuru ukaguzi uliendelea kwa sababu nyingine, zikiwemo maadili na utamaduni wa taifa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, mavazi ambayo vijana wengi wa mjini waliyaona sinemani na katika magazeti. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka ukaguzi huo katika mfumo mmoja kwa upande wa bara.

Hata hivyo dola haikuchukia sinema yenyewe. Mwaka 1966 ilifunguliwa Drive-In ya Msasani, uwanja mkubwa ambapo watu walitazama wakiwa ndani ya magari yao, huku sauti ikitoka kwenye kipaza sauti kidogo kilichotundikwa dirishani. Familia zilikuja na mikeka na vyakula, watoto wakiwa wamekwisha kuvalishwa nguo za kulalia, na pikapu moja iliweza kubeba mtaa mzima. Kwa mji mkuu wa taifa changa, Drive-In ilikuwa alama kwamba Dar es Salaam ilikuwa sawa na miji mingine ya dunia.

Mabadiliko makubwa yalihusu umiliki, uliohamia mikononi mwa dola. Zanzibar yalitokana na Mapinduzi ya 12 Januari 1964; bara yalitokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Shirika la umma la filamu, Tanzania Film Company, lilianzishwa mwaka 1968, na hatimaye likashika uagizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo iliyaweka mikononi mwa Msajili wa Majumba majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Tanzania Film Company ilifanya jambo la maana: iliwapa Watanzania nafasi ya kutengeneza filamu zao, na "Arusi ya Mariamu" ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni tunda la kipindi hicho. Lakini mwenye jumba aliyekuwa akichagua picha kwa kujua wateja wake sasa alisubiri alichopangiwa, na aliyeligharimia jengo hakuwa tena na sababu ya kupaka rangi au kubadili viti.

Miaka ya kuanguka

Pigo la uchumi lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi ya Kagera, na vita vilivyoendelea hadi mwaka 1979 vilimeza fedha za kigeni ambazo tayari zilikuwa haba. Vijiji vya Kagera vililipa kwa maisha na mali, na nchi nzima ikapanga foleni za sukari, sabuni na mafuta. Filamu mpya, vijiti vya kaboni na vipuri vya mitambo havikuweza kushindana na dawa na petroli. Magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana kuanzia saa nane, na siku iliyokuwa kubwa ya sinema, hasa kwa Drive-In, ikapoteza wateja wake. Majumba yalirudia picha zile zile zilizokatikakatika na kuungwa mara nyingi.

Wakati huo huo watu walipata njia nyingine ya kutazama. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara iliisubiri hadi mwaka 1994. Kati ya nyakati hizo mbili ilipita kaseti ya video. Baada ya serikali kuruhusu mwaka 1984 watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, deki za video ziliingia kwa wingi, na picha iliyotoka Bombay ilifika sebuleni Kariakoo kabla haijafika Empire au Avalon. Familia zenye uwezo, zilizokuwa zikijaza roshani, zilibaki nyumbani. Waliobaki ukumbini walikuwa vijana wa viti vya mbele, na kiingilio chao hakikutosha kulihudumia jengo kubwa.

Vijana hao nao walihamia kwenye vibanda vya video, vyumba vya mbao au mabati vyenye televisheni moja na mabenchi. Huko kulizaliwa ufundi mpya, uliokwisha kushamiri Uganda: mtu mwenye kipaza sauti alitafsiri na kusimulia picha ya kigeni kwa lugha ya watazamaji. Dar es Salaam jina kubwa lilikuwa la Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye tafsiri zake za Kiswahili zilisambaa kwa kanda nchi nzima. Kibanda kilifika mahali ambapo jumba halikuwahi kufika. Katika senta ndogo za Ngara na Biharamulo, ambako sinema ilikuwa ya gari, kibanda kilikuwa ukumbi wa kwanza wa kudumu, na msimulizi wake alifanya kwa sauti kazi ile ile ambayo jirani aliyeiona picha mara nne aliifanya kwa kunong'ona katika Majestic.

Kilichobaki

Majumba mengi yalifungwa kati ya miaka ya 1980 na 1990. Mengine yaligeuzwa maduka, maghala, kumbi za mikutano au nyumba za ibada. Empire ya Darajani ikawa duka kubwa la bidhaa. Kwenye uwanja wa Drive-In ya Msasani ulijengwa ubalozi mpya wa Marekani, baada ya ule wa zamani kulipuliwa 7 Agosti 1998. Majestic ya Vuga ilipoteza paa lake, na asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa mstari wa mbele katika juhudi za kulikarabati jumba hilo ili litumike tena.

Utazamaji wa pamoja haukukoma. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianza mwaka 1998 na limekuwa likionyesha picha Ngome Kongwe chini ya anga wazi. Dar es Salaam ilipata kumbi mpya ndani ya maduka makubwa kama Mlimani City, zenye viti vizuri na sauti bora, lakini kiingilio chake mchukuzi au mwanafunzi hakimudu, na ukumbi unaokusanya mji mzima chini ya paa moja haujapatikana tena.

Mji Mkongwe uliorodheshwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, na majengo ya karne ya 19 yamepata watetezi wengi. Majumba ya sinema, kwa kuwa ni ya zege na ya karne ya 20, yamesahaulika kwa urahisi. Nayo yanastahili hifadhi kwa sababu hizo hizo: yalichorwa na mafundi wa hapa, yakalipiwa na wafanyabiashara wa hapa, na ni miongoni mwa majengo machache ya zama za ukoloni ambamo Mwafrika, Mhindi na Mwarabu walikaa usiku mmoja ukumbi mmoja kwa hiari yao. Michoro, mabango, vitabu vya mahesabu na mitambo iliyobaki ghalani mwa familia za wenye majumba ni sehemu ya historia hiyo kama zilivyo kuta. Wengi wa walioendesha mitambo hiyo na kubeba rili zile kwa baiskeli sasa ni wazee, na maelezo yao yanapaswa kuandikwa sasa.